Ofisi ya mawakili iliyosoma jalada kabla ya kutaja ada

Ofisi hii iko ghorofa ya kwanza, jirani na Barabara ya Kenyatta hapa Mwanza, na ndiyo iliyomtetea mama yangu baada ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kumnyima kiwanja chake cha Kirumba kwa hukumu iliyotokana na kile kilichoitwa maridhiano. Wakili wetu wa awali, ambaye simtaji kwa kuwa malalamiko yetu bado yako mbele ya Kamati ya Mawakili, aliwasilisha hati ya makubaliano ambayo mama hakuwahi kuiona.

Wakili mpya aliomba nakala ya jalada zima, akalisoma kwa siku tatu, kisha akatuita. Alimsogezea mama ile hati, akamuuliza: "Mama, wewe hutia saini namna gani?" Mama akainua dole gumba. Hajawahi kusaini kwa kalamu maishani mwake, na chini ya hati ile palikuwa na saini ya mwandiko wa kuunganisha.

Nilidhani ataanzia hapo, lakini hakuanzia hapo. Alitufafanulia kwamba udanganyifu katika shauri la madai hudai ushahidi mzito kuliko kawaida, ilhali suala la mamlaka, yaani kama Baraza liliruhusiwa kusikiliza shauri hilo, lingeamuliwa kwa karatasi zilizomo jaladani: ripoti ya mthamini, iliyoambatanishwa na mdai mwenyewe, yaani aliyemshtaki mama, ilitaja shilingi milioni 420, na Baraza haliruhusiwi kusikiliza shauri la kurejeshewa ardhi yenye thamani inayozidi milioni 300, hata kama pande zote mbili zimekubaliana. Siku 60 za kuiomba Mahakama Kuu ichunguze mwenendo wa shauri lile Barazani zilikuwa zimekwisha, hivyo alianza na ombi la kuongezewa muda, akiegemea msimamo wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Valambhia la mwaka 1992, kwamba uharamu unaodaiwa kuwemo ndani ya uamuzi wenyewe ni sababu ya kutosha.

Kiapo cha mama, yaani maelezo yake ya kuunga mkono ombi hilo, kiliandikwa kwa Kiingereza. Karani alimsomea mama aya baada ya aya kwa Kiswahili, na palipomtatiza akarudia kwa Kisukuma, kabla ya kumletea kidau cha wino. Kwa mtu aliyekwisha kuandikiwa maneno asiyoyasema, jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa mno.

Ninawalaumu kwa mambo mawili: hatukupewa mkataba wa ada kwa maandishi, na stakabadhi zilitolewa baada ya kuziomba mara mbili.

Mahakama Kuu ilifuta mwenendo na hukumu kwa hoja ya mamlaka pekee. Wakili alikuwa ametuonya tangu mwanzo kwamba ushindi wa namna hiyo haumtangazi mama kuwa mmiliki, kwani mdai anaweza kufungua shauri upya kwenye mahakama yenye mamlaka. Akifanya hivyo tutarudi ofisi ileile, ila safari hii nitaomba mkataba kwanza.