"Imeingia maji, mama": simu niliyonunua Kariakoo

Simu yenyewe sina ugomvi nayo. Mambo ya kamera na kioo kasomeni kwenye boksi. Mimi nimekuja kulia na duka.

Niliinunua Mtaa wa Aggrey, Ramadhani ilikuwa imeisha au inakaribia kuisha, sikumbuki vizuri, nakumbuka jua lile tu. Wala msiseme sikuwa makini. Nilibonyeza *#06#, zikatokea namba za utambulisho wa simu, nikazituma kwenda 15090 kuhakiki kama si feki, jibu likarudi na aina ya simu ile ile iliyoandikwa kwenye boksi. Tangu Juni 2016, simu feki zilipozimwa nikaamka na kipande cha plastiki mkononi, sitoi hela kabla ya kufanya hivyo. Nikaambiwa waranti mwaka mzima, nikapewa na kadi ina muhuri. Nikaondoka nacheka mwenyewe.

Hata miezi mitatu haikufika, ikagoma kuchaji. Ukichomeka, alama ya chaji inatokea. Ukirudi baada ya saa nzima, asilimia ni zile zile. Mimi nauza vitenge. Oda zinaingia kwa WhatsApp, hela zinaingia humo humo kwenye simu. Simu ikizima, na mimi nimefunga.

Nikairudisha. Yule kijana wa kaunta akaipokea kwa vidole viwili, akaigeuza, akainusa. Naapa aliinusa, kama mtu anayechagua samaki Feri. Akanirudishia.

"Imeingia maji, mama."

"Maji ya wapi, mwanangu?"

"Mi n'tajuaje? Jasho, mvua, chooni huko. Waranti haihusiani na maji."

Chooni huko! Mbele ya wateja wenzangu, mtu mzima mimi, na simu hajaifungua hata kifuniko. Akachukua risiti yangu akanionyesha mstari wa chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisha akamgeukia mwingine, "Karibu dada." Nikabaki nimesimama kama niliyekuja kuomba nauli. Nilitoka pale sioni njia.

Nje kuna fundi anakaa chini ya mwavuli na kimeza chake. Nikamwambia fungua unionyeshe hayo maji. Akakataa. "Mama, nikifungua mimi tu, ndiyo wamepata sababu." Akachomoa kile kisahani cha laini, akamulika tochi ndani ya tundu. Kuna kibandiko kidogo mle, kadogo kweli, cheupe. Akaniambia kikiguswa na maji kinageuka chekundu. Changu kilikuwa cheupe pee. Nikampa elfu mbili akaikataa. (Si kila simu ina kibandiko mahali hapo, lakini muulizeni fundi kiko wapi kabla hamjakubali kuambiwa mmetumbukiza simu chooni.)

Nikarudi na tochi yangu. Kijana akachungulia, akasema hicho si cha kukitegemea. Pua yake ndiyo ya kutegemewa! Hapo nikapandisha sauti. Nikamwambia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ipo, naenda sasa hivi. Duka likanyamaza. Mzee mwenye duka akatoka nyuma alikokuwa anahesabu hela, akaniamkia vizuri tu, akaniomba risiti.

Na hapa niseme ukweli, maana mtaniuliza. Risiti yenyewe ilikuwa ya kuandika kwa mkono. Siku ya kununua niliambiwa nikikubali hiyo badala ya ile ya mashine wananipunguzia elfu kumi na tano, nami nikakubali. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," naisikia miaka yote, na nikaiuza haki yangu kwa bei ya kilo chache za mchele. Mzee akaiangalia, akaniangalia, hakusema neno. Mie sauti ikashuka yenyewe.

Lakini simu akaichukua. Baada ya siku nne hivi nikapigiwa kwenye namba ya dada yangu: sehemu ya kuchaji imebadilishwa, ilikuwa mbovu tangu kiwandani, hakuna malipo. Na ni kweli, inachaji vizuri mpaka leo, hapa naandikia hiyo hiyo.

Kwa hiyo sijui niwaitaje. Nilikuwa nimekuja na nyota moja. Nikimfikiria yule mzee nasema hapana, wapewe nne, maana kuna maduka ungerudi ukaambiwa hawakujui. Nikawaza hata mwanangu akitaka simu nitampeleka pale pale, ila tuchukue risiti ya mashine.

Basi siku ya kuifuata nikamkuta kijana yule yule kaunta. Nikasubiri aseme samahani, hata ile ya mdomoni tu. Akanikabidhi simu, akatabasamu.

"Haya mama, sasa kaa nayo mbali na maji."

Nyota moja.