Shajara ya watoto yenye kufuli: tathmini baada ya miezi minne

Shajara hii niliinunua katika duka moja la vitabu hapa Mombasa kwa shilingi 950. Ina kurasa 160, jalada gumu la rangi ya samawati na kufuli dogo la shaba, ambalo ndilo lililowavutia wanangu kabla hawajajua ndani mna nini. Nilinunua mbili, moja ya binti yangu wa miaka kumi, aliye Gredi ya Tano, na nyingine ya mdogo wake wa miaka saba. Siku ya tatu ilibainika, kwa makelele mengi, kwamba ufunguo wa moja hufungua nyingine. Huenda mtengenezaji alidhani kila nyumba ina mtoto mmoja tu.

Kila ukurasa una kidokezo juu na mistari chini yake, na ubora wa shajara nzima unategemea vidokezo hivyo. Sisi tuliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tulipewa dakika 40 za kuandika insha yenye alama 40, na wengi wetu tuliingia chumbani na utangulizi tulioukariri, jua likichomoza kwa matao na nyuni wakimtukuza Jalali hata kama kisa chenyewe kilitokea usiku. Mtaala umebadilika, lakini jua hilo bado linachomoza, kwani binti yangu alilitia katika ukurasa wake wa kwanza, pamoja na nyuni wote. Kilichomtoa huko ni kidokezo cha ukurasa wa tisa, kisemacho: "Taja harufu tatu ulizozisikia leo." Alikaa nacho muda mrefu, kisha akaja jikoni kunisomea: kanga za bibi zilizofukizwa udi, mkaa uliomwagiwa maji, na watu wa feri ya Likoni saa za jioni. Hapakuwa na neno hata moja la kukariri, na bibi yake alicheka mpaka akalazimika kukaa. Vidokezo vya aina hii, vinavyomtaka mtoto atazame kitu kimoja kilicho karibu naye badala ya kueleza maisha yake yote, ni kama thuluthi moja ya kitabu, na kwangu mimi ndivyo vinavyostahili bei yake.

Vingine vimeletwa kutoka mbali bila kubadilishwa hata nguo. Ukurasa mmoja unamtaka mtoto achore majani ya miti yakipukutika msimu wa vuli, na mwingine unauliza atafanya nini asubuhi akikuta theluji mlangoni. Mdogo wake alijibu kwa maneno mawili: "Nitamwita mama." Sina la kuongeza.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, ni nafasi iliyotengwa kila mwisho wa juma kwa ajili ya sahihi ya mzazi. Juma la kwanza nilitia sahihi kwa moyo safi, nikasahihisha na makosa mawili ya tahajia, na juma lililofuata nikakuta kurasa saba za mtoto mtiifu anayewapenda wazazi wake na kuosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea. Binti yangu alikuwa ameacha kuandika shajara na kurudi kuandika insha, maana msomaji wake alijulikana. Nilimwambia kwamba sitafungua tena asiponiita, nikaiweka kalamu nyekundu juu ya kabati, na baada ya siku kumi hivi nikaanza kumwona akiandika huku amejikunja kitandani, mgongo kwetu sote.

Jambo jema ambalo sikulitarajia limo ukurasa wa mwisho, penye maelezo mafupi kuhusu Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara mafichoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyepewa daftari alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942, na ambaye katika maandishi yake alikuwa akimwandikia rafiki aliyemwita Kitty. Binti yangu alilichukua wazo hilo mara moja, na sasa kila ukurasa huanza kwa "Mpendwa Somo". Maelezo hayo yangefaa kuwekwa mwanzoni.

Kuhusu utengenezaji, karatasi ni nyepesi kiasi kwamba kalamu ya wino hupenya upande wa pili, kwa hiyo penseli au kalamu ya kawaida ndiyo inayofaa. Gundi ya uti wa kitabu ililegea mwezi wa pili na kurasa kadhaa zikachomoka. Mistari ni myembamba mno kwa mtoto wa miaka saba, ambaye herufi zake bado zinahitaji uwanja. Wangu aliishia kuchora magari.

Kwa mtoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili ningeinunua tena, moja tu kwa kila nyumba, na kabla ya kumkabidhi ningekata kwa wembe sehemu zote za sahihi ya mzazi.