Uzoefu wangu wa kuomba Shahada ya Famasi kwa kutumia stashahada

Mimi ni fundi dawa sanifu katika kituo cha afya cha serikali. Kazi yangu ni kutoa dawa dirishani, kutunza stoo, kujaza leja, na kuandaa ripoti na maombi ya dawa yanayokwenda Bohari ya Dawa. Msimu uliopita wa udahili niliomba kusoma Shahada ya Famasi kwa kutumia stashahada yangu, nikapata nafasi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu walioko wilayani, kwa kuwa maelezo mengi yanayosambaa nyakati za udahili yanamlenga mhitimu wa kidato cha sita mwenye PCB (mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia), na sisi tunaoingia kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada badala ya kidato cha sita, huachwa tuulizane wenyewe kwa wenyewe. Kwa ufupi, huduma ya kuomba mtandaoni niliiona nzuri kuliko nilivyotarajia. Kinachomkwamisha mwombaji wa stashahada mara nyingi ni mambo yanayotakiwa kuwa tayari kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Wanaokumbuka utaratibu wa zamani wanajua kwamba kuanzia 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambako mwombaji alijaza machaguo yake na kusubiri kupangiwa chuo. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba mwenyewe moja kwa moja chuoni na chuo ndicho kinachochagua, huku TCU ikibaki na kazi ya kuhakiki sifa, kutoa kitabu cha mwongozo na kuwasimamia waliochaguliwa na chuo zaidi ya kimoja. Mwongozo huo una toleo la wenye kidato cha sita na toleo la wenye stashahada, na ninamsihi msomaji apakue hilo la pili, kwa sababu nimeona watu wenye stashahada nzuri kabisa wakikata tamaa baada ya kusoma masharti ya pointi za Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita ambayo hayawahusu hata kidogo.

Masharti yanayotuhusu ni Stashahada ya Sayansi ya Famasi yenye wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za ufaulu) isiyopungua 3.0, pamoja na alama isiyopungua D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza kwenye mtihani wa kidato cha nne. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoumiza. Kuingia stashahada kunadai ufaulu wa masomo manne yakiwemo Kemia na Baiolojia, kwa hiyo wapo wengi waliopita hapo wakiwa na F ya Hisabati, wakahitimu vizuri, wakasajiliwa na Baraza la Famasi, na leo wanakokotoa dozi ya sirapu ya mtoto kwa kilo zake bila kusita. Siku wanayotaka kwenda shahada, cheti cha zamani kinawasimamisha mlangoni. Sioni kwamba sharti lenyewe ni la uonevu, kwa maana shahada ina hesabu nzito za mwenendo wa dawa mwilini na masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna anayelitaja mapema, wakati mtu yuko mwaka wa kwanza wa stashahada na bado ana muda wa kulishughulikia.

Kulishughulikia kunawezekana, na njia yake ni kurisiti, yaani kurudia mtihani. Mtahiniwa wa kujitegemea anajisajili, anafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, na matokeo yanakuwa yametoka muda mrefu kabla ya maombi ya vyuo vikuu kuanza katikati ya mwaka unaofuata. Katika fomu niliyojaza kulikuwa na sehemu ya kuongeza namba ya mtihani wa pili, ili alama za mikao tofauti zisomwe pamoja. Mwenzangu mmoja wa kituo cha jirani alipita njia hiyo kwa somo la Hisabati peke yake, akiwa kazini, akisoma usiku, na ninamheshimu sana kwa hilo.

Jambo jingine la kuandaa mapema ni namba ya uhakiki wa tuzo, yaani ya kuthibitisha stashahada yako, ambayo kila mtu anaiita AVN. Namba hii hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo wengi bado tunaliita NACTE, na bila hiyo mwenye stashahada hawezi kukamilisha maombi. Ili kuipata ni lazima chuo ulichosoma kiwe kimekwisha kuwasilisha matokeo yako ya mwisho, na hapo ndipo wahitimu wapya wanapobanwa, kwa kuwa dirisha la udahili linafunguliwa huku vyuo vyao vikiwa bado vinamalizia taratibu. Anayehitimu mwaka huu na kutaka kuunganisha hapo hapo asikae nyumbani akisubiri kupigiwa simu. Aende chuoni kwake akaulize kama matokeo yamekwisha kutumwa. Mimi nilikuwa nimehitimu zamani, hivyo hatua hii haikunisumbua. Nilipoandika AVN kwenye kisanduku na kubonyeza kitufe cha kuhakiki, jina langu, chuo nilichosoma, mwaka wa kuhitimu na GPA vilijitokeza vyenyewe kwenye kioo, na nilipoandika namba ya mtihani wa kidato cha nne alama zote zikaletwa kutoka Baraza la Mitihani bila mimi kujaza hata moja. Hilo nililipenda sana. Linazuia kughushi, na linampa mwombaji nafasi ya kuona kile kile ambacho chuo kitakiona.

Hata hivyo ni hapo hapo tofauti za majina zinapofichuka. Mtu ameandikwa Rashid kwenye cheti cha kidato cha nne na Rashidi kwenye stashahada, au cheti kimoja kina majina mawili na kingine matatu, na herufi hiyo moja inatosha kuleta maswali. Linganisha vyeti vyako, pamoja na cheti cha kuzaliwa, miezi kadhaa kabla, na pale vinapotofautiana nenda kwa wakili ukaandaliwe hati ya majina ungali na muda.

Chuo nilichokitaka zaidi ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam. Shahada hii inatolewa pia katika vyuo vingine, vikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Bugando, Mwanza, na Chuo Kikuu cha St. John's, Dodoma, na ushauri wangu ni kuomba katika chuo zaidi ya kimoja, kwa sababu GPA ya 3.0 inakupa ruhusa ya kuomba tu, na wanaogombea nafasi hizo wengi wao wameizidi. Maombi ya Muhimbili niliyajaza kwa simu, jioni baada ya kazi. Nilifungua akaunti, nikapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, nikalipa kwa pesa za mtandao, na kabla sijafunga ukurasa malipo yalikuwa yamesoma na hatua inayofuata imefunguka. Kila hatua ilikuwa na alama ya kuonyesha kama imekamilika, na kabla ya kutuma nilionyeshwa fomu nzima niipitie. Kwa mtu anayetegemea intaneti ya wilayani, mfumo unaohifadhi ulipoishia ili uendelee kesho ni msaada mkubwa.

Sikupata utulivu huo kila mahali. Katika chuo kingine nilichoomba, malipo yalikaa siku nzima bila kusoma, simu ya ofisi ya udahili iliita pasipo kupokelewa, na masharti yaliyobandikwa kwenye tovuti yao hayakulingana na mwongozo wa TCU wa mwaka ule. Malipo yalisoma baadaye bila maelezo yoyote. Mahali popote utakapokutana na masharti yanayotofautiana, shika ya mwongozo wa TCU wa mwaka husika, na hifadhi ujumbe wa muamala hadi udahili wote uishe.

Sasa nizungumzie steshenari, yaani maduka ya kuchapisha yanayojazia watu fomu za mtandaoni, kwa kuwa ndiko waombaji wengi wanakokwenda, na ndiko ninakoona hatari kubwa kuliko zote. Siwalaumu vijana wanaofanya kazi hiyo; wengi wanaijua mifumo kuliko sisi, na kwa asiye na simu nzuri wanamsaidia kweli. Tatizo ni desturi ya baadhi yao kufungua akaunti kwa namba yao ya simu na barua pepe yao, wakatunza na nywila. Mwombaji anaondoka na karatasi iliyochapishwa, akiamini mambo yamekwisha, na kumbe taarifa zote za baadaye zinakwenda kwa mtu mwingine. Uzito wake unaonekana matokeo yanapotoka: anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha anakotaka kusoma kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na uthibitisho huo una siku ya mwisho. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya mwenye steshenari aliyekwisha kufunga duka na kwenda msibani, nafasi iliyopatikana kwa miaka ya kazi inaweza kupotea. Nenda steshenari ukihitaji, lakini laini iwe yako, barua pepe iwe yako, na nywila uibuni na kuiandika mwenyewe.

Kwa upande wangu nilichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ikanifikia, nikaiingiza kwenye akaunti yangu ya Muhimbili na kupata ujumbe kwamba udahili wangu umethibitishwa. Hatua hiyo ilikuwa fupi na haikuwa na utata wowote.

Kuhusu fedha, mwajiriwa ajipime mapema. Masharti ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu yanamtaka mwombaji asiwe na kipato kinachotokana na ajira rasmi, hivyo mtumishi wa umma anayebaki kwenye ajira yake asipange bajeti kwa kutegemea mkopo. Anachopaswa kukifuatilia ni ruhusa ya masomo kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, na hilo huwa rahisi zaidi kama jina lake limeingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa idara ya afya kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Shahada ni ya miaka 4, na baada yake kuna mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa kuwa mfamasia kamili, kwa hiyo familia inapaswa kuhesabu mwaka huo pia. Mimi na mwenzangu wa nyumbani tulikaa tukaandika ada, kodi ya chumba Dar es Salaam na matumizi ya watoto kabla sijalipa ada ya maombi, na mazungumzo hayo yalinipa moyo kuliko mwongozo wowote.

Mtu akiniuliza kama huduma hii inafaa, nitamjibu kwamba inafaa na inaaminika, na kwamba fundi dawa sanifu mwenye sifa hana sababu ya kumtafuta mtu wa kumpitishia jina. Kasoro moja inanisumbua. Mwombaji asiyechaguliwa huambiwa hivyo tu, pasipo kuelezwa kama amekosa sifa au amezidiwa na wengine, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu aliyekosa sifa anahitaji kurisiti, na aliyezidiwa anahitaji kuomba tena awamu inayofuata au chuo kingine. Kwa mwombaji wa stashahada ambaye hana pa kulinganishia, ningependa vyuo vyenye Shahada ya Famasi vitangaze kila mwaka GPA ya chini kabisa iliyopokelewa kwa sifa linganishi. Taarifa hiyo vyuo vinayo, na kuiweka kwenye ukurasa wa maombi kabla ya dirisha la Julai hakutagharimu kitu.