Barua ya nafasi ya shule iliyotumwa kimakosa: uzoefu wangu na mfumo wa maombi ya mtandaoni

Niliutumia mfumo wa mtandaoni wa maombi ya shule kumtafutia binti yangu nafasi ya sekondari, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wanaofikiria kuutumia. Katika hatua ya kuomba sina malalamiko ya maana: fomu ni moja kwa shule zote, vyeti hupakiwa mara moja tu, na kila ombi hupewa namba ambayo mzazi huifuatilia kupitia akaunti yake. Nyota mbili kati ya tano nilizoupa zinatokana na yaliyofuata baada ya majibu kutoka.

Barua pepe ilitupongeza kwamba binti yetu amechaguliwa katika shule aliyoitamani kuliko zote, ikamtaja kwa jina lake kamili na namba yake ya maombi, na ikatutaka tuthibitishe kabla ya tarehe ya mwisho. Haikuwa na dalili yoyote ya utapeli, kwani ilitoka katika anwani ileile iliyotutumia taarifa tangu mwanzo. Ili kuthibitisha, mfumo ulitudai malipo ya awali na kututaka tuziachie kwanza nafasi ambazo shule nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kutupatia. Kesho yake jioni ukaja ujumbe wa sentensi mbili, ukitutaka tuipuuze barua ile kwa kuwa ilitumwa kimakosa.

Kosa la namna hii si geni, wala haliwapati wasio na uzoefu peke yao. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kiliwatumia ujumbe wa kuwakaribisha takriban waombaji 28,000 ambao kilikuwa kimekwisha kuwakataa, kwa sababu ujumbe uliokusudiwa waliochaguliwa ulipelekwa kwa waombaji wote. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliwapongeza kimakosa waombaji wapatao 800 wa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Kisa kinachofanana zaidi na chetu ni cha Chuo cha Vassar mwaka 2012, ambapo barua ya majaribio iliyosahaulika katika mfumo iliwaonyesha waombaji 76 kwamba wamekubaliwa ilhali hawakukubaliwa. Hao walikuwa waombaji wa awamu ya mapema, ambayo sharti lake ni kwamba anayekubaliwa huondoa maombi yake kwingine.

Hapo ndipo ninapoulaumu mfumo huu kuliko ninavyomlaumu aliyeituma barua. Mtu anaweza kuchagua orodha isiyo sahihi akiwa amechoka, na mimi binafsi ningelisamehe hilo mapema. Lakini kumlazimisha mzazi aachie nafasi alizonazo papo hapo, bila hata siku chache za kusubiri, ni uamuzi wa waliousanifu mfumo, na ndio uliogeuza barua ya kufutika kuwa hasara isiyofutika.

Ujumbe wa kusahihisha nao ulizidisha mkanganyiko. Haukueleza kama binti yetu amekataliwa au yumo katika orodha ya wanaosubiri, na akaunti yake iliendelea kuonyesha kwamba amechaguliwa. Baadaye nilifahamu kwamba ulitumwa kwa kila aliyepokea barua ya kwanza, wakiwamo wazazi ambao watoto wao walichaguliwa kweli, nao wakabaki na wasiwasi bila sababu. Kumweleza mtoto kwamba pongezi alizopokea hazikuwa zake ni kazi ambayo hakuna mhudumu wa simu awezaye kukusaidia.

Mhudumu niliyezungumza naye alikuwa mpole na msikivu, ingawa hakuwa na mamlaka ya kurudisha chochote, hivyo nililazimika kuziandikia shule zile mbili mwenyewe. Moja iliturejeshea nafasi. Nyingine ilikuwa imekwisha kumpa mtoto aliyekuwa akisubiri, nami sikuona haki ya kudai kwamba familia ile ipokonywe ili sisi turudishiwe. Malipo ya awali yalirejeshwa baada ya kuyadai kwa maandishi, tena yakiwa yamekatwa gharama za muamala, jambo ambalo bado ninalipinga kwa kuwa muamala huo haukutokana na uamuzi wetu.

Iwapo shule unayoitaka haipokei maombi kwa njia nyingine, utumie mfumo huu, ila barua ya pongezi ikija, ipigie simu ofisi ya udahili ya shule yenyewe uhakikishe jina la mtoto limo katika orodha yao kabla ya kuachia nafasi popote. Nimewaandikia wasimamizi kuomba kitufe cha kuachia nafasi kitenganishwe na kile cha kuthibitisha, na barua za matokeo zikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Wamejibu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Kitufe, nilipokiangalia mara ya mwisho, kilikuwa hakijabadilishwa.