Boti ya futi 17 na injini ya hospawa 70 katika Ghuba ya Msasani: uzoefu wangu

Boti yetu ni ya fiba, futi 17, tumbo la V, na nyuma imefungwa injini ya Yamaha F70. Tunaitumia hapa Dar es Salaam kuvuta watoto kwenye boya la hewa, kumvuta shemeji yangu kwenye ubao, na siku za mapumziko kwenda Bongoyo au Mbudya. Karibu kila anayeniulizia habari zake huanza na kasi: inakimbia kiasi gani? Kwa michezo ya maji, mimi ningeuliza kwanza kama inanyanyua.

Anayesubiri kuvutwa amezama hadi kifuani, na ubao umesimama mbele yake kama mlango uliofungwa. Boti ikichelewa kupanda juu ya maji, mikono inachoka anaachia kamba. Akishasimama, ubao unataka kilomita 30 hadi 35 kwa saa tu. Mtu mzima kwenye ski za majini hutaka karibu 45, na watoto kwenye boya 20 zinawatosha kabisa. Kasi hizo boti ndogo inazifikia. Ndiyo maana tuliweka propela yenye pichi ndogo, yaani inayosogea umbali mfupi kwa kila mzunguko: mbio zilipungua kidogo, lakini sasa tukiwa watatu ndani inamtoa mtu mzima majini upesi. Tukijaa sita, wa ski hanyanyuki. Anayetaka kubeba ukoo mzima na kuvuta ski kwa wakati mmoja atafute boti kubwa zaidi.

Mafundi wengi watakushauri injini ya kuchanganya petroli na oili, na wana hoja. Ni nyepesi, wavuvi wanaitumia pwani nzima, kwa hiyo vipuri na mtu wa kuifungua hukosi. Ningekuwa mvuvi ningeichukua hiyo hiyo. Lakini kuvuta watu ni kwenda taratibu, kugeuka kumfuata aliyeanguka, kungoja ajipange, kisha kuondoka tena. Moshi unawafuata watoto nyuma, na kelele inakuzuia kumsikia anayeita. F70 ni ya silinda nne, ina kilo 119, haichanganyiwi oili, na ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kusukuma boti, tunazungumza kwa sauti ya kawaida. Petroli nayo inakwenda kwa utaratibu. Kwangu hapo hakuna mjadala.

Muuzaji mmoja alitusukumia boti ya tumbo bapa. Kweli hiyo hupanda juu ya maji kirahisi, na ndani ya ghuba asubuhi, visiwa vikiwa vimekinga mawimbi, ingetufaa. Ila upepo wa kusi ukikaza mchana, safari ya kurudi kutoka Mbudya kwa tumbo bapa ni kupigwa mgongo njia nzima. Tumbo la V linakata wimbi. Linahitaji kina zaidi, kwa hiyo angalia jedwali la maji kujaa na kupwa: wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hapa hupwa zaidi ya mita tatu, na mafungu uliyopita juu yake asubuhi yanatokeza.

Matunzo ndiyo yanayokula muda. Kila tukirudi, injini inapitishiwa maji baridi ya bomba kuondoa chumvi, na vipande vya zinki, vinavyoliwa badala ya injini, hubadilishwa kabla havijaisha, maana vikiisha ulikaji unahamia kwenye chuma chenyewe. Usajili na ukaguzi ni wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Uliza masharti yao kabla hujanunua.

Jambo moja silegezi hata kwa mgeni wa heshima. Anayeendesha anatazama mbele, na mwingine, mtu mzima, anakaa akitazama nyuma kwa anayevutwa. Kamba ya kuzimia injini iko mkononi mwa nahodha, na kila mtu amevaa laifujaketi. Mtu akisogelea nyuma ya boti ili apande, injini inazimwa kabisa. Kuiweka nyutro hakutoshi, kwa sababu gia inaweza kuguswa na mtoto yeyote aliye karibu na usukani.

Kwa familia ya watu wanne au watano, ningeinunua tena hii hii, na ningedai nguzo ya kuvutia ifungwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu kamba ikivutwa kutoka juu, ubao unanyanyuka kwa wepesi zaidi.