Mapitio ya Semina ya Wanandoa wa Kisabato Mwanza: Nani Anajinyima, na Nani Aliamua?

Semina ya wanandoa inayoendeshwa na kanisa moja la Waadventista Wasabato upande wa Nyegezi, jijini Mwanza, ni huduma ninayoipendekeza kwa moyo mweupe kwa wachumba na kwa watu waliokwisha kuishi pamoja miaka mingi, ingawa nina mambo mawili ambayo ningependa kila anayekwenda ayajue kabla hajajiandikisha. Nilihudhuria na mume wangu. Masomo hufanyika jioni, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, ili Ijumaa ibaki kuwa siku ya maandalio. Ada ni ndogo kiasi kwamba hata mama anayeuza mboga anaweza kuilipa, na ndani yake kuna chakula cha jioni pamoja na daftari la mazoezi.

Kwa msomaji asiyeishi miongoni mwetu, ni vyema nieleze kwanza ndoa zetu zinabeba nini. Sabato huanza jua linapozama siku ya Ijumaa, ambako huku Mwanza ni karibu na saa moja jioni, na huisha wakati kama huo siku ya Jumamosi. Katika muda huo hatufanyi kazi wala biashara. Zaka ni sehemu ya kumi ya mapato. Hatunywi pombe, hatuli nguruwe wala kambare, na wengi wetu hatuvai pete hata ya ndoa. Mchungaji hafungishi ndoa ya muumini na mtu wa imani nyingine. Jambo zito kuliko yote hayo ni kwamba waumini wa kanisa moja hufahamiana kwa karibu mno, kiasi kwamba ugomvi wa chumbani ukitoka nje ya mlango huwa umefika kwa mzee wa kanisa kabla ya Shule ya Sabato. Katika maisha ya namna hiyo, kila mtu anafundishwa kujitoa kwa ajili ya mwenzake na kwa ajili ya Mungu. Ni mara chache sana watu huulizwa ni nani hasa anayejitoa, na kama aliulizwa kabla ya kutolewa.

Semina hii inauliza, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Jioni iliyonigusa zaidi iliongozwa na wanandoa wazee, yeye mzee wa kanisa na mkewe shemasi, ambao walitoa mfano wa maisha yao wenyewe. Mzee alikuwa na mtumbwi wa dagaa. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na kwamba taa hizo hufanya kazi vizuri wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, wavuvi wengi hupandisha mitumbwi ufukweni na kushona nyavu. Kwa hiyo mvuvi anayeshika Sabato hayuko sawa na karani ambaye ofisi yake imefungwa Jumamosi. Usiku wa Ijumaa anaouacha huangukia mara nyingi ndani ya zile siku chache za giza zinazolipa mafuta, wafanyakazi na ada za shule, huku mitumbwi ya jirani ikiwaka taa mbele ya macho yake. Mzee alieleza hayo kwa heshima, akisema kwamba baada ya ubatizo aliona ni wajibu wake kuuacha usiku ule, na kwamba hajawahi kujutia.

Ndipo mkewe alipopewa nafasi. Alisema kwamba naye aliamini vilevile, na hakutaka mumewe aende ziwani usiku wa Sabato, lakini katika miaka yote ile hakuna siku aliyoketishwa chini na kuulizwa pengo la fedha litazibwa na nani. Aliliziba yeye mwenyewe: alikopa katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, akaanika na kuuza dagaa wa watu wengine pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuanzia Jumapili alfajiri, akapunguza matumizi yake mwenyewe kwanza. Kisha akamgeukia mumewe mbele yetu sote na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mzee wangu, usiku wa Ijumaa ulimpa Mungu wewe, na watu walikushukuru wewe, lakini deni nililibeba mimi, na ningelibeba kwa furaha zaidi kama ungeniuliza.” Mzee alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alisema kwamba walipokuja kuzungumza, hawakubadilisha Sabato hata kidogo; walichobadilisha ni kwamba fedha ya usiku mzuri wa giza iligawanywa kwanza kwa ajili ya marejesho ya kikoba, kisha ndipo matumizi mengine yakafuata.

Baada ya mfano huo kila mume na kila mke hupewa ukurasa wake, aandike peke yake mambo aliyoyaacha kwa ajili ya ndoa, na katika safu ya pili mambo anayodhani mwenzake ameyaacha. Kurasa husomwa na wawili hao tu, si mbele ya kundi. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini nimeona watu wazima wakikaa kimya muda mrefu juu ya safu ya pili, kwa sababu orodha ya mwenzako ni ngumu kuijaza. Upendo unaojinyima bila kuonekana huchoka, na mara nyingi anayeunufaikia ni mtu mwema ambaye hajui tu. Sijakutana na huduma nyingine ya ndoa hapa mjini inayolishughulikia jambo hili kwa uwazi kama huo, na peke yake linatosha kuhalalisha ada.

Somo la Waefeso sura ya tano lilifundishwa vizuri pia. Katika mahubiri mengi niliyoyasikia tangu utotoni, msomaji huanzia mstari wa 22, unaowaagiza wake kuwatii waume zao, na mara nyingine huishia hapohapo. Mwalimu wa semina alianzia mstari wa 21, unaowaagiza waumini wote kunyenyekeana wao kwa wao, kisha akatumia muda mrefu zaidi kwenye mstari wa 25, ambao unamdai mume ajitoe kwa mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa kanisa. Aliwaambia wanaume kwamba katika sura hiyo anayeagizwa kutoa uhai ni mume. Sikuona mwanaume aliyechukizwa. Niliona wengi wakiandika.

Kuhusu wakwe, ushauri ulikuwa wa kufaa sana kwa mazingira yetu. Harusi nyingi za Mwanza hufungwa Jumamosi, na msichana wa Kisabato aliyeolewa katika ukoo wa Kisukuma ambao wengi wake ni Wakatoliki au hawana dini ya kanisani atajikuta akisubiriwa jikoni siku ambayo dhamiri yake inamzuia, huku mashangazi wakinong’ona kwamba ng’ombe wa mahari walitolewa bure. Semina inashauri kwamba mume, ambaye ndiye mtoto wa nyumba hiyo, aende mwenyewe kuzungumza na wazazi wake mapema, na kwamba wawili hao wafike siku ya Ijumaa mchana au Jumapili wakiwa na mchango mkubwa kuliko unaotegemewa na mikono iliyo tayari kuosha vyombo. Lawama haimalizwi kwa mke kujifungia ndani na kusema ana imani.

Sasa niseme lililonisikitisha. Somo la kuvumilia lilifundishwa na mwezeshaji mwingine, na lilikuwa jepesi mno kwa uzito wake. Dada mmoja aliuliza, bila kueleza habari zake, kama mke anayepigwa naye anatakiwa kuvumilia. Mwezeshaji alijibu kwa maneno mengi kuhusu maombi na subira, na chumba kikawa kizito. Yule mama shemasi alisimama bila kuitwa, akasema, “Mwanangu, Mungu hakuombi damu yako. Ya Mwanawe ilitosha.” Akamwambia aonane naye baada ya kipindi. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini jibu kama hilo linapaswa kuwa limeandikwa ndani ya daftari la semina, lisitegemee kama mama huyo amekuja au ameugua.

Daftari hilo halina pia neno lolote kuhusu sheria, na hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka anayehudhuria alijue, kwa sababu watu wetu wengi hudhani ndoa ya kanisani inasimamiwa na kanisa peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mume anayetaka kuonyesha bidii yake kwa kutoa nyumba hiyo kwa kazi ya Bwana anapaswa kukijua kifungu hicho kama anavyojua kitabu cha Malaki kinachodai zaka. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Mahakama, kwa dhahiri, iliiona ile safu ya pili ya ukurasa. Ni sheria hiyohiyo inayotaka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na kikao cha wazee wa kanisa hakigeuki kuwa baraza hilo kwa sababu tu wazee wameketi. Chombo cha jumuiya kinapaswa kuwa kimetambuliwa na waziri kwa kazi hiyo. Kumfahamisha muumini mambo haya si kumfundisha kuikimbia ndoa yake. Anayejua kwamba mlango upo na bado akachagua kubaki na kujinyima, huyo ndiye anayetoa kwa hiari.

Jambo la pili ni siri. Ingawa kurasa husomwa faraghani, kuna kipindi cha ushuhuda ambacho watu huhimizwa kusimama na kusema, na katika joto la wimbo na machozi mtu anaweza kueleza habari ambazo mwenzake hakuridhia zitoke. Waandaaji husema mwanzoni kwamba yasemwayo yabaki ukumbini, lakini sisi tunaokutana sokoni, kwenye kwaya na kwenye makambi ya kanisa tunajua ahadi hiyo ni dhaifu. Ushauri wangu ni kwamba msihudhurie semina inayofanyika katika kanisa mnalosali ninyi wenyewe, na kwamba mkubaliane mapema, mkiwa bado nyumbani, ni mambo gani hayatasemwa mbele za watu. Kipindi hicho kingefutwa kabisa nisingekilalamikia.

Huduma nyingine ni nzuri. Chakula huwa ugali, sato au dagaa, mboga za majani na chai ya mchaichai, na watoto hutunzwa na vijana wa kanisa katika chumba cha pembeni. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, watu wa Sengerema huweza kuja bila kusubiri kivuko Kigongo na kurudi nyumbani usiku uleule. Wanaotoka Ukerewe bado wanategemea ratiba ya meli, hivyo wamweleze karani wa kanisa mapema ili wapangiwe malazi kwa waumini wa Nyegezi. Wachumba waje angalau miezi mitatu kabla ya harusi, kwa sababu taarifa ya kusudio la kufunga ndoa inatakiwa kutolewa siku 21 kabla, na mtu aliyegundua kwenye ukurasa wake jambo linalomtia shaka anahitaji muda wa kulizungumza kabla majina hayajatangazwa.