BMW ya kudrifti Mwanza: ipi ununue, ipi uache

Drifti, yaani kulitelezesha gari kwenye kona kwa makusudi, ilizaliwa kwenye barabara za milimani Japani miaka ya 1970. Wazungu walipoipenda, walitumia kilichokuwa kimejaa mitaani kwao: BMW za zamani. Bei ndogo, zinasukumwa na matairi ya nyuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Hata James Deane wa Ireland, aliyechukua ubingwa wa Formula Drift Marekani 2017 hadi 2019 akiwa na Nissan Silvia S15, Ulaya alipanda BMW E92 (E na namba ni msimbo wa toleo la gari). Afrika Kusini wao wana E30, wanaiita gusheshe.

Kwetu Mwanza, namba moja naipa BMW E46 (1998–2006). Dalali atakuonyesha 318i kwanza. Mshukuru, mwambie unataka silinda sita: 325i, au 330i yenye nguvu farasi 231. Nyingi zinazotoka Japani ni otomatiki, kwa hiyo tenga hela ya giaboksi ya manyuo, klachi, pedali na propela kabla hujalipa chochote.

Halafu ingia uvunguni na tochi. Ugonjwa mkubwa wa E46 ni sakafu ya nyuma kupasuka pale fremu inayobeba difu inapofungwa kwa bolti kwenye bodi. Kwenye gereji moja Nyakato niliona sehemu hiyo imepakwa rangi nyeusi, mpya kabisa. Fundi alikwangua kwa bisibisi, ukatokea ufa wa urefu wa kidole. Mwenye gari alikuwa ameshalipa. Inatengenezeka: fremu inashushwa, ufa unachomelewa, vinaongezwa vipande vya bati nene. Ila ni kazi kubwa, na ulipaswa kuikata kwenye bei. Toa pia zulia la buti, angalia kwa juu.

Kitu kingine ni kuchemsha. Tangi la maji la plastiki linapasuka kwa uzee, na drifti inapasha injini moto huku gari haliendi kasi ya kuingiza upepo wa kutosha. Badilisha tangi, pampu ya maji, themostati na mipira yake kwa mpigo. Silinda hedi ikipinda utalia.

Namba mbili, E36, hasa 328i. Nyepesi kuliko E46, umeme wake rahisi, na kuiendesha ni raha kweli. Tatizo ni umri: kagua kutu.

Namba tatu naiweka Toyota Mark II, ingawa si ya Ulaya. Kama mfuko hauruhusu kusubiri spea kutoka Dar, chukua hii bila aibu, maana fundi wa Igoma anaijua kama kiganja chake. Toleo la GX110 lenye injini ya 1G ni la kujifunzia. JZX100 yenye injini ya 1JZ ya turbo ni gari lingine kabisa.

Mercedes C-Class W202 iache. Inasukuma kwa nyuma, sawa, lakini breki yake ya kupaki inakanyagwa kwa mguu. Utavuta nini kwenye kona ili matairi ya nyuma yafunge yateleze?

Ukiagiza mwenyewe, piga hesabu ya ushuru wa TRA mapema, kwa sababu umri wa gari unaongeza kodi ya uchakavu. Bakiza pia hela ya matairi ya mtumba ya nyuma, na ya kukodi eneo lenye uzio. Barabara ya Kenyatta ina bodaboda na watoto wa shule.